Waitwa Nani?

Somo letu la asubuhi ya leo ni Mwanzo sura ya 32, kuanzia mstari wa 22 hata mwisho wa sura. Ni habari ya Yakobo aliyeshindana mieleka usiku kucha penye kivuko cha Yaboki. Aliye na Biblia karibu na aifungue. Sisi tutafika hapo kwa njia ya mzunguko, maana habari za ngumi na mieleka vijana wetu wazijua kuliko wazee wa kanisa, na leo twataka vijana wasizime redio.

Wenye umri mkubwa kati yetu watalikumbuka jina la marehemu Philip Waruinge, bondia wa Kenya wa uzani wa unyoya. Alikwenda Olimpiki ya Tokyo mwaka wa 1964 akiwa bado kijana mdogo. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola alipata medali ya dhahabu huko Kingston mwaka wa 1966, na tena Edinburgh mwaka wa 1970. Lakini habari tunayoitaka ni ya Mexico mwaka wa 1968. Alifika nusu fainali, akakutana na Antonio Roldán, mwenyeji. Waamuzi walikuwa watano. Watatu wakampa Roldán, wawili wakampa Waruinge, naye akapata medali ya shaba. Kisha mashindano yalipokwisha, Kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia aliyeonyesha ufundi kuliko wengine wote katika Olimpiki nzima, likapewa huyo huyo Waruinge. Yaani aliambiwa kwamba hatoshi kuingia fainali ya uzani wake, halafu akaambiwa kwamba ndiye aliyewapita mabondia wa uzani zote kwa ufundi.

Miaka minne baadaye, Munich, alifika fainali akapigana na Boris Kuznetsov wa Urusi ya Kisovieti. Tena waamuzi watatu kwa wawili. Tena akashindwa, akapata medali ya fedha. Mara mbili dhahabu ya Olimpiki ilimponyoka kwa kalamu ya mtu mmoja.

Baada ya Munich akafanya jambo ambalo Wakenya wachache walikuwa wamelifanya. Aliacha ngumi za ridhaa, akahamia Japani kupigana kwa malipo. Asidhani mtu kwamba ni kazi ile ile yenye mshahara. Ngumi za ridhaa wakati ule zilikuwa raundi 3, na mwenye kugusa safi na kuondoka ndiye aliyesifiwa. Za kulipwa hufika raundi 10, na za ubingwa wa dunia zilikuwa 15. Mtu hupigwa mbavuni tangu mwanzo ili aje kuanguka baada ya nusu saa. Naye alikuwa amekaribia miaka 30, umri ambao bondia wa uzani mdogo huanza kufikiria kupumzika. Alipigana mapambano kama 25, akashinda zaidi kidogo ya nusu. Mwaka wa 1976 alikwenda Panama kugombea taji jipya la dunia dhidi ya Rigoberto Riasco, mwenyeji, akashindwa kabla raundi 15 hazijatimia. Alikuwa amekwenda kupigana nyumbani kwa mwenzake, kama kule Mexico.

Nasi tuliposoma habari zake, kilichotushika zaidi ni jina lake. Huko Japani hakutangazwa kama Philip Waruinge. Aliitwa Waruinge Nakayama. Jina la ubatizo likaondoka, la Kijapani likaja, na katikati likabaki hilo moja la kwao. Watu waliolipa kiingilio walitaka jina wanaloweza kulitamka na kulipenda, na mwenye kuajiriwa hana sauti kubwa katika mambo hayo.

Tena hakuwa peke yake. Mwezi wa Juni mwaka huo wa 1976, mjini Tokyo, mwanamieleka mashuhuri wa Kijapani, Antonio Inoki, alipambana na Muhammad Ali kwa raundi 15. Lilikuwa pambano la ajabu. Inoki alilala chali sehemu kubwa ya muda akimpiga Ali mateke ya miguu, na Ali alirusha ngumi chache mno. Mwisho waamuzi wakatoa sare, na watazamaji wakakasirika. Hata hivyo wengi hulihesabu kuwa chimbuko mojawapo la mchezo huu wa sasa wa kuchanganya ngumi, mateke na mieleka, ambao vijana wetu huutazama kwenye simu. Basi tazameni: wote wawili waliopigana siku ile hawakuitwa hivyo na mama zao. Inoki alizaliwa akaitwa Kanji. Ali alizaliwa akaitwa Cassius Clay, akabadili mwaka wa 1964 alipotangaza dini yake. Na yule aliyemfundisha Inoki mieleka, Rikidozan, kipenzi cha Wajapani wote, alikuwa mzaliwa wa Korea aliyeficha asili yake ili apendwe. Jina moja lilibadilishwa kwa ajili ya watazamaji, jingine kwa ajili ya imani, jingine kwa hofu. Si vema kuyaweka yote katika kapu moja.

Mwaka wa 2000, Tokyo vile vile, mwanamieleka mwingine wa Kijapani, Kazushi Sakuraba, alishindana na Royce Gracie wa Brazil kwa dakika 90 katika mchezo huo wa kuchanganya. Watu wakastaajabu kwamba mwanadamu aweza kushindana muda mrefu hivyo. Ndugu, Yakobo alishindana hata alfajiri, na yeye hakuwa kijana tena.

Sasa tuingie katika somo. Yakobo yuko peke yake gizani. Mtu anamkamata, wanashindana, uteguko wa nyonga unampata, lakini hataki kuachia mpaka abarikiwe. Na huyo mtu, kabla ya kumbariki, anamwuliza jina lake. Kwa nini amwulize? Tulisoma sura hii chuoni na tukafundishwa mambo mengi juu yake, lakini swali hilo tulilipita upesi. Rudini nyuma mpaka sura ya 27. Huko nako Yakobo alitafuta baraka, mbele ya baba yake aliyekuwa kipofu, naye baba akamwuliza yeye ni nani. Akajibu kwamba ni Esau. Alivaa ngozi za wana-mbuzi mikononi na nguo za kaka yake mwilini, akachukua jina la mwingine, na baraka akaipata. Kisha akakimbia, akakaa ugenini miaka 20.

Swali la Yaboki ni lile lile la hemani kwa Isaka. Safari hii hana ngozi za mbuzi. Akasema: Yakobo. Jina ambalo kaka yake alisema kwa uchungu kwamba lamfaa, maana ni la mshika kisigino, la mwenye kunyang'anya. Alipolitamka ndipo alipopewa jina jipya, Israeli, akaondoka pale akichechemea.

Na angalieni jambo jingine. Abramu akiisha kuitwa Abrahamu, habari zake zaendelea kwa jina hilo jipya. Yakobo sivyo. Baada ya Yaboki Biblia yaendelea kumwita Yakobo mara nyingi kuliko Israeli. Akiwa mzee, anakwenda Misri kumwona Yusufu, Mungu anamwita usiku kwa jina la Yakobo, tena mara mbili. Ni sura ya 46. Na alipojitambulisha kwa Musa katika kichaka, alijiita Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka, na wa Yakobo. Jina la mshika kisigino Mungu hakuona haya kuliambatanisha na lake.

Hapa kwetu pwani jambo la majina ni zito. Kwa ndugu zetu Wagiriama mwana wa kwanza huitwa kwa jina la babu yake, mzaa baba, hata mzee aliyekwisha kuzikwa aendelea kuitwa uani kila jioni. Nenda sasa ufuoni Malindi au Watamu. Utawakuta vijana hao hao wanaotembeza wageni na kuuza vinyago, wanasema Kitaliano safi kuliko Kiingereza cha shuleni, na mmoja anaitwa Roberto, mwingine Franco. Wazee hulalamika sana. Lakini tuwe wa kweli: kanisa nalo, zamani za wamisionari, mara nyingi liliwabatiza babu zetu kwa majina ya Kizungu, na jina la nyumbani likaachwa mlangoni. Sisi tulioridhi majina hayo tusiwe wepesi wa kurusha mawe ufuoni.

Twasema hivi kwa sababu sisi wenyewe tulirusha. Alikuwako kijana mmoja wa parishi yetu, mwimbaji wa kwaya, aliyekwenda kufanya kazi ufuoni akajipa jina la Kitaliano. Jumapili moja alikuja ibadani na wageni wake, na tulisikia wakimwita kwa jina hilo. Tulipopanda mimbarani tukaacha mahubiri yetu kidogo tukasema kwamba wako watu hapa ambao hata malaika mwenye kitabu cha uzima hatajua awaite vipi. Watu wakacheka. Nasi tukacheka. Kijana hakuonekana tena kanisani kwa miaka minne.

Alirudi wakati wa masika, jioni, nguo zimelowa. Alikuwa anatafuta pasipoti ya kwenda kazi Ghuba, na kwa kuwa karatasi zake za kuzaliwa zilikuwa na kasoro, alitaka barua juu ya ubatizo wake. Tukafungua daftari, tukachukua kalamu, tukamwuliza kama tunavyomwuliza kila mtu: waitwa nani?

"Mchungaji, wanijua," akasema.

Tukamwambia twamjua, lakini lazima liandikwe kama atakavyolitaja mwenyewe. Akanyamaza kitambo. Kisha akalitaja jina la babu yake, na la baba yake, na la ubatizo, yote, polepole. Tukayaona daftarini kama yalivyo. Nasi kwa upumbavu tukauliza, na lile jingine?

"Lile lilikuwa la kazini," akasema. "Ndilo lililomlisha mama. Dawa zake za presha zilinunuliwa na jina hilo, hata ile Jumapili mlipocheka."

Hatukuwa na neno. Yeye alikuwa akiyajua majina yake yote mawili na kazi ya kila moja. Sisi tulikuwa na moja tu, la Mchungaji, na siku ile ya kicheko tulilivaa kama Yakobo alivyovaa nguo za kaka yake. Tulimwomba radhi, akakubali, tukaomba pamoja, tukamwandikia barua yake. Lakini tulimwomba radhi mlango ukiwa umefungwa, na kicheko kilikuwa cha hadharani. Hilo limetusumbua tangu siku ile.

Basi leo, kwa kuwa wengi waliocheka wanasikiliza kipindi hiki, twasema wazi: tulimkosea, mimbarani, mbele ya mama yake. Mama, twajua redio yako huwa wazi saa hizi. Utakapozungumza naye kwa simu, mwambie kwamba tumelisema.

Tuombe. Ee Mungu wa Yakobo, twawakumbuka mbele zako watoto wetu waliomo kazini ufuoni asubuhi hii, na walioko Ghuba na nchi za mbali, wanaoitwa kwa majina ambayo hatukuwapa. Wewe wawajua. Uwalinde, uwarudishe nyumbani. Na wakirudi, utupe adabu ya kuwapokea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.