HADITHI ZA UPELELEZI: KWA NINI HATUZIACHI?

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo wa Karagwe na Kyerwa)

 

Leo sitasema juu ya mnyauko wa migomba, wala juu ya kuchimba choo. Hayo tumekwisha kuyasoma na tutayasoma tena. Leo nataka tuzungumze juu ya hadithi za upelelezi. Hizi ni hadithi ambazo mtu ameuawa au mali imeibwa, na aliyefanya hajulikani. Halafu anatokea mpelelezi, anamtafuta mpaka anampata.

Wengine watasema, "Mwalimu, hizo ni porojo za vijana." Ngojeni kwanza. Mama mmoja wa kisomo aliniambia hivi: "Kitabu ulichoniazima kimeniunguzia ndizi jikoni." Nilifurahi sana. Sikufurahia kuungua kwa ndizi. Nilifurahi kwa sababu mama yule alikuwa anasoma bila ya kusukumwa na mwalimu. Na ninyi mnajua, kusoma ni kama panga. Usipolitumia linashika kutu. Wako wengi waliopata cheti cha kisomo, na leo hawawezi kusoma barua ya mtoto wao, kwa sababu baada ya cheti hawakushika kitabu tena.

KITU GANI KINATUSHIKA?

Hadithi ya upelelezi ni kitendawili kirefu. Ukisema "Kitendawili!" na watu wakajibu "Tega!", hakuna anayeondoka kabla ya jibu. Mwandishi naye anafanya hivyo. Anatuonyesha maiti mwanzoni, na anamficha muuaji mpaka mwisho. Katikati anatuletea watu wanne au watano, na kila mmoja anaweza kuwa ndiye. Alama ya kweli anaiweka hapo hapo mbele yetu, lakini ameichanganya na vitu vidogo vidogo: kiatu chenye tope, mlango usiofungwa, saa iliyosimama. Sura inaisha mtu anagonga mlango. Nani huyo? Unafungua ukurasa wa pili. Ndizi zinaungua.

Basi furaha yetu ni mbili. Tunaogopa huku tumekaa salama. Na tunashindana na mwandishi: je, nitamjua mwizi kabla hajaniambia?

WALIOTUANDIKIA

Hadithi hizi zilianza zamani huko Marekani na Ulaya. Mwaka 1887 Mwingereza Arthur Conan Doyle alimtoa mpelelezi wake, Sherlock Holmes, ambaye mpaka leo dunia nzima inamjua. Lakini sisi tunao wetu, kwa Kiswahili chetu.

Wa kwanza kumtaja ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Alizaliwa mwaka 1918, akafa mwaka 1991. Aliwahi kuwa bwana afya, halafu akawa mhariri wa gazeti la Mkulima. Kwa hiyo alikuwa mtu wa kazi kama zetu. Kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958. Kikachapwa mwaka 1960. Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mvuta kiko. Baadaye vilifuata vingine, kama Kisima cha Giningi na Duniani Kuna Watu.

Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo. Humo anayefuata mambo ni polisi, Inspekta Wingo. Elvis Musiba alituletea Willy Gamba, mpelelezi wa serikali, katika Kufa na Kupona, Njama na vinginevyo. Willy Gamba alipambana na wapelelezi wa Makaburu wakati nchi yetu inasaidia ukombozi wa kusini mwa Afrika. Ben Mtobwa naye alitupa Joram Kiango.

Vitabu hivi si sawa. Vya Bwana Msa ni vya kufikiri. Vya Willy Gamba ni vya mbio, bastola na mapenzi. Mtu mzima avisome, lakini asimpe mtoto mdogo. Na ulevi wa humo si wa kuiga.

TUNAJIFUNZA NINI?

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, tajiri anakutwa ameuawa mahali pa mizimu. Watu wanaogopa, wanasema ni mizimu. Bwana Msa hasemi kitu. Anatazama, anauliza, anapima maneno ya huyu na ya yule. Mwisho tunaona kwamba aliyeua ni binadamu, na alikuwa na sababu ya kibinadamu.

Hebu tulete somo hilo kijijini. Tuseme gunia la kahawa ya maganda limeibwa usiku. Asubuhi watu wamejaa uani. Mmoja anasema, "Kijana wa jirani alipita hapa jana jioni." Wa pili anasema, "Na juzi amenunua simu mpya." Wa tatu hasemi neno, ameokota jiwe.

Msomaji wa Bwana Msa atauliza. Nani alijua gunia liliwekwa wapi? Limebebwa kwa kichwa, kwa baiskeli au kwa pikipiki? Nyayo ziko wapi? Loo! Zimekanyagwa na sisi tuliokuja kushangaa. Pesa ya simu ilitoka wapi? Huenda kijana alipalilia shamba la mtu, akalipwa. Kupita njiani si kuiba. Dalili ya mvua ni mawingu, ndiyo, lakini si kila wingu lina mvua.

Tuna msemo, "Lisemwalo lipo." Msemo huo umeua watu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, akina bibi wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu. Mama zangu, nani asiyejua moshi wa kuni unafanya nini machoni kwa miaka arobaini? Na mtu aliyepigwa mawe hafufuki, hata mwizi wa kweli akikamatwa kesho.

Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa lake halijathibitishwa. Hata Bwana Msa hatoi hukumu. Anatafuta ukweli tu. Hukumu ni kazi ya mahakama.

Lakini msiende sasa kila mtu kuwa Inspekta Wingo. Likitokea jambo, fanyeni haya:

1. Msiguse kitu, msikanyage mahali pale.
2. Mwiteni mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Polisi wapewe habari upesi.
3. Kila mtu aseme alichokiona kwa macho yake. Alichosikia kwa watu aseme kwamba amekisikia.
4. Mshukiwa asipigwe.

NAMNA YA KUSOMA KIKUNDINI

Kitabu kimoja kinatosha watu kumi. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, halafu mpokezane. Kabla ya sura ya mwisho fungeni kitabu. Kila mmoja aandike kwenye karatasi jina la anayemdhani, na sababu yake. Asiyekuwa na sababu, karatasi yake haihesabiwi. Hapo mtakuwa mmesoma, mmeandika na mmefikiri, yote kwa jioni moja. Na aliyekwisha kusoma kitabu asiwaambie wenzake mwisho wake. Huo ni uchoyo.

Maswali ya kuzungumza:
1. Katika kijiji chenu, mtu amewahi kushukiwa bure? Mlijuaje baadaye kwamba hakufanya?
2. Kuna tofauti gani kati ya kuona na kudhani?
3. Mkipata kitabu kimoja cha upelelezi, nani atakitunza, na mtakutana siku gani kukisoma?

 Someni, lakini mepueni ndizi kwanza.