Mchanga wa Mchujio wa Maji: Usiutoe kwa Haraka

Leo tuangalie ule mchujio wa maji wa saruji ulio pembeni mwa jikoni, wenye mchanga ndani.

Maji yakianza kutoka polepole, wengi husema: "Mchanga umechakaa, tuutoe tuweke mwingine." Ngoja kidogo, mama. Mara nyingi mchanga bado ni mzuri, ni uchafu tu umeziba sehemu ya juu. Ukiutoa wote unatupa kinga ya mtoto wako.

Kinga gani? Kwenye sentimita chache za juu za mchanga huota utando wa vijidudu visivyotudhuru. Hao ndio askari wa mchujio. Hula viini vya magonjwa vilivyomo katika maji ya mto au kidimbwi. Utando huu huweza kuchukua hadi siku 30 kukomaa. Ndiyo maana maji yaliyopita kwenye mchanga mpya huweza kuwa maangavu kabisa na bado yakamharisha mtoto.

Basi mchujio ukiziba, fanya hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Ondoa kifuniko na ile sahani yenye matundu. Ongeza maji kiasi cha lita 4, kisha koroga uso wa mchanga kwa kiganja, taratibu. Usichimbe! Chota maji yaliyochafuka kwa kikombe, uyamwage. Sawazisha mchanga, rudisha sahani, jaza maji tena. Kama bado yanatoka polepole, rudia. Utando utakuwa umevurugika, kwa hiyo kwa siku kadhaa tibu maji ya kunywa kwa dawa ya klorini au uyachemshe.

Lakini kuna wakati mchanga lazima utoke. Labda mchujio umehamishwa ukatikisika, au mchanga unatoka pamoja na maji, au umekoroga mara nyingi bila nafuu. Hapo mwite fundi aliyefunzwa kazi hiyo, nawe usimame karibu uangalie.

Muulize mchanga umetoka wapi. Ule wa mtoni unaoletwa na lori la ujenzi haufai sana, maana huja na takataka na viini. Wa baharini una chumvi. Ulio bora ni wa mawe yaliyopondwa, uliochekechwa na kuoshwa. Kokoto za chini zioshwe mpaka maji yake yawe maangavu. Mchanga wenyewe usioshwe kupita kiasi, maana chembe ndogo zikiisha maji yatapita mbio. Na fundi atangulize maji ndani, ndipo amimine mchanga, ili hewa isinaswe katikati.

Akimaliza, jaza mchujio hadi juu, kinga chupa ya lita 1 na utazame saa. Ijae kwa dakika 2 na nusu hivi. Ikijaa kabla ya dakika 1 na nusu, mchanga ni mkubwa mno, usimlipe kwanza.

Maji yakikoma kutoka, yabaki kama sentimita 5 juu ya mchanga, upana wa vidole vitatu. Utando ukikauka hufa. Mimina maji kila siku, kutoka mahali pamoja ikiwezekana, na upumzishe mchujio angalau saa 1 kabla ya kumimina tena. Usipitishe saa 48 bila kuutumia.

Katika mwezi wa kwanza wa mchanga mpya, kila tone atakalokunywa mtoto litibiwe kwa klorini au lichemshwe. Klorini itiwe kwenye mtungi wa maji yaliyokwisha kuchujwa. Ukiitia juu ya mchanga, itawaua askari wako wote, na hesabu ya siku 30 itaanza upya.