Maji Yanapoizima Europiamu: Mng'ao wa Kompleksi za Lanthanidi na Matumizi Yake

Mada ya semina ya walimu wa sayansi, Mwanga, Kigoma



Maana za msingi nazipitia haraka, mnazijua. Lanthanidi ni elementi 15, kuanzia lanthanamu namba 57 hadi lutetiamu namba 71. Europiamu hung'aa nyekundu, karibu na nanomita 615. Terbiamu kijani, karibu na 545. Ayoni za lanthanidi hufyonza mwanga kidogo mno, ndiyo maana huvishwa ligandi inayopokea miale ya urujuanimno na kuikabidhi ayoni nishati hiyo. Mwanakemia S. I. Weissman alilionyesha jambo hili mwaka 1942.

Wala si elementi ngeni kwetu. Kile kifuko cheupe cha karabai kilichowavuta dagaa wa ziwa letu hapa Kigoma kilikuwa na oksidi ya seriamu kidogo, ingawa chenyewe kiling'aa kwa joto. Taa nyingi nyeupe za LED hupata weupe wake kwa unga wa njano wenye seriamu hiyohiyo. Katika maabara za hospitali kubwa, europiamu hutumika kupima homoni: mng'ao wa sampuli yenyewe huzimika upesi, wa europiamu hukawia, na mashine husubiri kidogo ndipo isome.

Sasa nije kwenye maji, kwa kuwa ndiyo yaliyonichosha miaka yote hii.

Chukueni kompleksi ya europiamu iliyoyeyushwa katika ethanoli, muimulike kwa taa ya kukagulia noti. Kichupa chote huwa chekundu kama kaa la moto. Ongezeni maji ya ziwa, tone baada ya tone: wekundu unafifia mbele ya macho yenu. Molekuli za maji zilizoshikana na ayoni huiba nishati kwa mtetemo wa oksijeni na hidrojeni, nayo huishia kuwa joto. Ayoni tupu ya europiamu majini hushikwa na molekuli kama 9 za maji. Ikivishwa ligandi ya DTPA hubaki 1.

Kuzihesabu molekuli hizo kunawezekana. Tangu mwaka 1979 tunayo njia ya wanakemia Horrocks na Sudnick: pima muda wa mng'ao katika maji ya kawaida, kisha katika maji mazito (yenye deuteriamu badala ya hidrojeni ya kawaida), ulinganishe. Maji mazito hayaibi nishati kwa kasi ile. Lakini hufyonza unyevu wa hewa na kubadilishana nao hidrojeni. Bila kunyooshea kidole ofisi yoyote, niseme tu kwamba chupa za maji hayo nilizoagiza zimenifikia zaidi ya mara moja zikiwa zimefunguliwa kwa ukaguzi. Lakiri imekatwa, kifuniko kimelegea. Miezi ya kusubiri ikapotea hivyo, na vijana niliowaahidi jaribio wakamaliza shule bila kuliona.

Napendekeza kwa heshima: shule ziwe na taa ya urujuanimno, ni rahisi kupatikana. Kemia ya lanthanidi ifundishwe kwa kuonyesha, si kwa kukariri jedwali, hasa kwa kuwa madini yake yamechimbwa Gakara, kwa jirani zetu Burundi. Ligandi zinazofukuza maji zipewe kipaumbele katika utafiti. Vyuo viagize maji mazito kwa pamoja, katika chupa ndogondogo zilizozibwa. Na mwisho: kemikali inayoharibiwa na unyevu isifunguliwe kwenye kaunta ya ukaguzi, ifunguliwe mbele ya mkemia, ndani ya kisanduku chenye hewa kavu, na tarehe ya kufunguliwa iandikwe kwenye chupa.