KIHORI KISITUVUNJE MIGONGO

(Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa wanachama, Mtoni. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa baharini.)

Ndugu Wanachama, wazee wetu, mama zetu na vijana,

Leo tunazungumzia kihori cha mashua yetu. Taabu yake mnaijua. Maji yakitoka, mashua hubaki nje, watu na samaki huvushwa kwa kihori. Kukipandisha tena wanatakiwa watu wanne, wote wamejipinda. Juzi mwenzetu mmoja aliteguka kiuno, hata leo hajarudi kazini. Wanawe wanakula nini? Na wengine kwa kuchoka wanakiacha kiburutwe nyuma. Usiku wa kusi kamba ikikatika, kihori kimekwenda. Mtu akianguka majini hatuna cha kumfuatia. Sisi viongozi tulichelewa kuliona hili, tunakiri.

Wapo wanaouliza, "Mbona baba zetu walinyanyua kwa mikono?" Siye tunajibu: foromali hawakuinyanyua kwa mikono mitupu. Waliitweka kwa kamba na roda. Basi akili ile ile ya tanga tuipeleke kwenye kihori.

Kazi yenyewe ni hii:

1. Tufunge boriti mbili ngumu kwenye tezi, zitokeze nje ya mashua. Kila boriti ining'inize roda ya magurudumu mawili, na chini yake roda nyingine kama hiyo yenye kulabu. Kulabu moja ishike omo ya kihori, nyingine tezi yake.

2. Roda moja iliyofungwa juu haipunguzi uzito, inageuza tu upande wa kuvuta. Lakini kamba ikipita mara nne kati ya roda ya juu na ya chini, uzito unagawanyika kwa nne. Tuseme kihori kina kilo 80. Kila upande una kilo 40, na mvutaji anasikia kama kilo 10, na kidogo zaidi kwa ajili ya msuguano. Gharama yake ni kamba: kukipandisha mita 1 utavuta mita 4. Watu wawili wanatosha, tena bila haraka.

3. Kabla ya kupandisha, tufue maji kwa upo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ndoo tano za lita 20 ni kilo 100, zaidi ya kihori chenyewe! Kikishapanda, tung'oe nguruzi ili mvua isijae ndani. Kabla ya kushusha, nguruzi irudi. Asisahau mtu.

4. Kushusha ndiko kwenye hatari. Mashua isimame kwanza. Kamba izungushwe kwenye kigingi mara mbili au tatu, iachiwe polepole, pande zote mbili pamoja, kwa sauti ya mtu mmoja. Ni mwiko kuzungusha kamba mkononi, maana itaondoka na vidole.

5. Kwanza tujaribu kwa magunia ya mchanga, si kwa watu.

Ndugu zangu, roda na boriti fundi wetu atachonga. Tunaomba mpitishe fedha za kamba na kulabu kutoka kwenye sanduku letu. Ni nyingi, lakini kiuno cha mtu hakiuzwi dukani.

Umoja ni nguvu. Haya, kazi kwetu.

Katibu