Mzee Aliyeshuka Kitini

Leo nawaletea habari za Papa wa Roma. Najua wengine wenu mtauliza, sisi Waprotestanti tuna shauri gani na Papa? Nivumilieni kidogo.

Papa Nicholas wa Nne alifariki Aprili 1292. Makadinali, ambao walikuwa kumi na wawili tu, wakavutana kwa zaidi ya miaka miwili, jamaa ya Orsini huku na jamaa ya Colonna kule, na kiti kikabaki kitupu. Wakati huo, katika mlima wa Morrone huko Italia, aliishi mtawa mmoja, Pietro, mwana wa wakulima, mzee wa miaka 80 hivi. Alikaa peke yake mlimani akifunga na kuomba. Yeye akawapelekea makadinali onyo kwamba Mungu hatawavumilia kwa kuchelewa kwao. Basi Julai 5, 1294, wakamchagua yeye mwenyewe! Wazee wa kanisa mnaijua habari hiyo: asemaye kikaoni kwamba kazi imelala, ndiye anayepewa.

Maaskofu wakaupanda mlima kumpelekea habari. Mzee akalia, kisha akakubali. Akaingia L'Aquila amepanda punda, na Mfalme Charles wa Pili wa Naples ameshika hatamu. Akaitwa Celestine wa Tano.

Lakini mfalme aliyeshika hatamu ya punda alimshika na mzee pia. Akamchukua kukaa Naples. Papa akaweka makadinali wapya kumi na wawili, wengi wao watu aliowataka mfalme. Inasimuliwa kwamba cheo kimoja kilipewa watu wawili au watatu, kwa maana mzee hakujua kukataa. Katika jumba la mfalme alijengewa kichumba cha mbao, akajificha humo kuomba kama zamani. Soma Kutoka sura ya 18 utamwona Musa akilemewa vivyo hivyo. Lakini Musa alikuwa na mkwewe aliyemwambia kweli. Huyu alizungukwa na watu waliofaidika na udhaifu wake.

Desemba 13, 1294, alisimama mbele ya makadinali akasoma maneno ya kujiuzulu. Alitaja udhaifu wa mwili na upungufu wa elimu, tena alitamani kurudi kwenye maisha yake ya kwanza. Akashuka kitini, akavua mavazi ya kipapa, akavaa kanzu yake ya utawa. Wengi wamemwita mwoga. Mimi naona alikosea alipokubali, wala si aliposhuka.

Je, alirudi mlimani? La. Papa mpya, Boniface wa Nane, aliogopa watu wasije wakamfuata mzee na kuligawa kanisa. Mzee akakimbia, akajaribu kuvuka bahari, tufani ikamrudisha, akakamatwa. Alifungwa katika ngome ya Fumone, na humo akafa Mei 19, 1296. Boniface huyo huyo aliiweka katika sheria za kanisa ile haki ya Papa kujiuzulu, na Papa Benedict wa Kumi na Sita aliitumia Februari 2013.

Habari ya Fumone hunisumbua. Katika kanisa moja nililotumikia, mweka hazina wetu, mzee aliyefanya kazi hiyo miaka mingi, alisimama kikaoni akasema macho yake hayaoni tena tarakimu, na kwamba mwezi uliopita alikosea hesabu mara mbili. Akaweka ufunguo wa sanduku juu ya meza. Badala ya kumshukuru, tukaunda kamati ya kukagua vitabu vyake. Havikukosa hata shilingi moja. Baada ya hapo akawa anakaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, na hakuna aliyemwomba tena hata kufungua ibada kwa sala.

Mwenyekiti wa kikao kile nilikuwa mimi. Mzee yu hai bado. Jumamosi hii, Bwana akipenda, nitakwenda nyumbani kwake.