Majeraha ya Utotoni na Safari ya Kutoka Katika Uraibu wa Heroini

Uraibu wa heroini katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki huelezwa zaidi kwa kuanzia kijiweni: kijana alishawishiwa na wenzake, akaonja, akanasa. Maelezo hayo yana ukweli, ila hayatoshi. Vijana wengi hupita vijiwe hivyohivyo, baadhi huonja, na bado si wote wanaotekwa na unga. Kwa wengi waliotekwa, habari ilianza miaka mingi kabla ya kete ya kwanza, katika yale waliyotendewa wakiwa watoto.

Uhusiano huo ulichunguzwa kwa upana San Diego, Marekani, kati ya 1995 na 1997, pale madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walipowahoji watu wazima zaidi ya 17,000 kuhusu utoto wao: kupigwa, kutukanwa, kuingiliwa kingono, kushuhudia mama akipigwa, kuishi na mlevi au na mtu aliyewahi kufungwa. Kwa matokeo ya awamu ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 1998, waliopitia aina nne au zaidi za mateso hayo walikuwa na hatari ya ulevi, matumizi ya dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 zaidi ya wale ambao hawakupitia hata moja. Wengi wa waliohojiwa walikuwa na kipato cha wastani na bima ya afya, kwa hiyo lawama yote haiwezi kutwishwa umaskini.

Tanzania ilifanya uchunguzi wake wa kitaifa mwaka 2009. Miongoni mwa vijana wa miaka 13 hadi 24, karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu walipata ukatili wa kimwili. Kipigo kimezoeleka mno majumbani na shuleni, hata mraibu akiulizwa kama aliteswa utotoni anaweza kujibu hapana, kisha akasimulia mambo ya kutisha kana kwamba ni malezi ya kawaida.

Mtoto anayeishi kwa hofu hukua mwili ukiwa macho muda wote: moyo unakwenda mbio, usingizi ni wa mang'amung'amu, kila hatua mlangoni ni tishio. Heroini hufanya kazi katika sehemu zilezile za ubongo ambazo mwili huzitumia kutuliza maumivu. Aliyekua katika hofu hiyo anaweza kuonja utulivu kwa mara ya kwanza siku anayoonja unga. Dawa inapokatwa, arosto huja na mafua, kuhara, kutapika na maumivu ya mifupa. Hayo hupungua ndani ya wiki moja hivi, lakini kumbukumbu zilizokuwa zimezimwa huanza kuamka. Wengi hurudia kutumia wakati huo. Hatari yake ni kubwa, kwani mwili uliokwisha kupoteza ustahimilivu unaweza kuuawa na kipimo kilekile cha zamani.

Methadoni, dawa inayotolewa kliniki badala ya heroini, imeokoa maisha mengi katika hatua hii. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa Februari 2011, ikafuatiwa na hospitali za Mwananyamala na Temeke. Kenya nayo ilifungua kliniki zake Nairobi na pwani. Mtumiaji huinywa kila siku mbele ya mhudumu, na kwa kuwa hudumu mwilini zaidi ya saa 24, humwondolea arosto na mbio za kutafuta kete. Ila methadoni haiondoi jinamizi la usiku. Kliniki inayogawa dozi bila mnasihi wa kukaa na mgonjwa imefanya nusu ya kazi.

Njia ya pili ni nyumba za upataji nafuu, maarufu kama soba hausi, ambazo zimeenea Zanzibar na Tanzania Bara. Nyingi hufuata hatua 12 zilizotokana na chama cha walevi waliopona, kilichoanzishwa Akron, Ohio, mwaka 1935. Nguvu yake ni udugu: anayeongoza kikao naye alilala maskani, hadanganyiki wala hadharau. Hata hivyo, hatua ya nne, ya kuorodhesha makosa yako bila woga, inahitaji uangalifu mkubwa kwa mtu aliyeumizwa utotoni. Wapo wanaoandika katika orodha hiyo dhambi waliyotendewa wao, kwa sababu tangu wakiwa wadogo waliambiwa kwamba waliitaka wenyewe. Msimamizi asiyeliona hilo humzidishia mtu aibu ileile iliyompeleka kwenye unga. Aliyeiba redio ya shangazi yake anapaswa kuomba radhi. Kwa alichofanyiwa akiwa na miaka minane hana radhi ya kumwomba mtu.

Daktari Judith Herman wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alipanga uponyaji wa majeraha haya katika hatua tatu: usalama kwanza, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi kwa watu. Mpangilio huo unawafaa sana waraibu. Kumlazimisha mtu aliye katika arosto asimulie ubakaji wake mbele ya kikao ni kumtonesha kidonda. Mahali pa kulala, chakula, usingizi na dozi isiyoyumba hutangulia. Simulizi hufuata, kwa mtu mmoja anayeaminika, kwa kasi ya msimuliaji.

Uhaba wa wanasaikolojia si sababu ya kutofanya lolote. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, watoto yatima 640 wa Kenya na Tanzania walishirikishwa, na tiba ya majonzi na kiwewe ilitolewa kwa vikundi na wanasihi wa kawaida waliopewa mafunzo na usimamizi. Katika maeneo matatu kati ya manne dalili za kiwewe zilipungua kuliko kwa watoto waliopata huduma za kawaida. Waliotibiwa walikuwa watoto, si waraibu, lakini wahudumu wa aina hiyo wanaweza kuandaliwa pia kwa ajili ya soba hausi.

Hatua ya kurudi kwa watu ndiyo hupewa muda mchache kuliko zote. Foleni ya methadoni kila asubuhi hugongana na kibarua, na jina la teja humfuata mtu hata baada ya miaka ya nafuu. Wanawake hubeba aibu maradufu, na wengi hawafiki kliniki kabisa. Familia nayo si kimbilio kila mara, maana aliyemuumiza mtoto anaweza kuwa bado anaishi katika nyumba ileile. Kabla ya kumruhusu mtu aondoke soba hausi, mnasihi na afisa ustawi wa jamii wanapaswa kujua nani yuko nyumbani, na kama hapafai, watafute bibi, mjomba au chumba cha kupanga pamoja na wenzake walio katika nafuu. Watoto wa mraibu mwenyewe waulizwe pia wanakaa na nani, wanasoma wapi na wanalala vipi, kwani kuishi na mtumiaji wa dawa ni moja ya mateso yaliyohesabiwa San Diego.