Majitaka ya Kitengela Huishia Wapi?



Kila mara lori la kunyonya majitaka linapoondoka kwenye ploti Kitengela, swali ni moja: linakwenda kumwaga wapi? Likifika kwenye mtambo wa kusafisha, mto unabaki salama. Likimwaga usiku kando ya korongo, kuna mtu huko chini atakayechota uchafu huo.

Mkulima wa Rombo anayemwagilia nyanya na vitunguu kwa maji ya chemchemi za Kilimanjaro analijua jambo hili. Wa juu akichafua mfereji, wa chini ndiye huumia. Mto nao ni vivyo hivyo.

Maji ya upande wa Kitengela hutiririka hadi Mto Athi. Mto huo hupita nchi ya Machakos, Makueni na Kitui, kisha hukutana na Mto Tsavo na kuitwa Galana. Karibu na pwani huitwa Sabaki, na huingia Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi. Kando yake, huko Baricho, kuna visima vinavyotoa maji ya matumizi kwa watu wa Malindi, Kilifi na Mombasa.

Mtambo wa mabwawa, kama ule wa Ruai unaohudumia Nairobi, husafisha kwa hatua. Katika bwawa la kwanza lenye kina, uchafu mzito hutuama na vijidudu huuozesha pasipo hewa. Katika la pili, mwani hutoa oksijeni inayosaidia vijidudu vingine kumaliza kazi. Katika ya mwisho, yenye kina kifupi, jua huua viini vya magonjwa. Kazi hiyo huchukua siku nyingi. Korongo haliwezi kuifanya kwa usiku mmoja.

Nyumba nyingi za Kitengela hutegemea matanki ya chini ya ardhi. Udongo mweusi wa eneo hili hupasuka wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha huvimba na kukataa kunywa maji. Ndiyo maana mashimo hufurika msimu wa mvua, na kipindupindu na homa ya matumbo hupata njia.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na ya usafi wa mazingira unaofaa. Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti huduma za maji na majitaka. Hata hivyo, bomba la majitaka haliwezi kuokoa mto ikiwa watu bado wanamwaga ovyo.

Basi kila mmoja ana sehemu yake. Mwenye nyumba ajenge tanki lisilovuja, alitenge na kisima kwa angalau mita 30, alinyonye kabla halijafurika, na asielekeze maji ya mvua ndani yake. Kabla ya kulipa, aulize kama lori lina leseni ya NEMA na litamwaga wapi. Mpangaji asitupe nepi, pedi, plastiki wala mafuta ya kupikia chooni. Anayeona lori likimwaga mtoni aandike nambari ya gari na kumpelekea chifu au afisa wa afya ya umma.

Mtoto wa Makueni anayechota maji ya Athi hawezi kuja Kitengela kulalamika. Anategemea uangalifu wa watu walio juu yake.